Mwanamke Aliyekalishwa Chini ya Dirisha

Wapendwa, leo nimekuja na mwalimu. Msigeuke kutazama mlangoni, hamtamwona. Nimemfinyanga mwenyewe juzi nikipepeta mchele, na jina sikumpa. Lakini mtamjua. Nadhani wengine mtamjua kabla sijamaliza.

Mwalimu huyu alikuwa mtu wa upande wetu huu wa ziwa, akavuka kwenda Kongo kufundisha watu wazima kusoma. Kijiji chenyewe kilikuwa kidogo, watu wake wa mihogo na michikichi. Wakamjengea darasa la udongo: mlango mmoja, dirisha moja, ubao mmoja. Kitabu nacho kilikuwa kimoja tu, kilivuka ziwa kimeviringishwa kwenye mfuko wa nailoni kama mtoto mchanga anayeogopewa baridi. Asubuhi watu wako shambani, alasiri wako darasani, wazee wenye mvi wanaimba ba, be, bi, bo, bu, mpaka mbuzi wa kijiji wakazoea, wakaacha hata kushtuka.

Kati ya hao alikuwamo mama mmoja. Huyu nampa jina. Jina la mwalimu liliandikwa ubaoni kila siku, linamtosha. La mama huyu halikuwa limeandikwa popote, basi tuliseme sisi. Aliitwa Mauwa.

Mauwa alikuwa na mwana mmoja, yuko mbali kwenye machimbo ya dhahabu. Barua yake ya kwanza ilipofika, Mauwa alimpa jirani amsomee. Jirani akasoma vizuri sana. Kisha akaisoma tena kisimani, akaisoma na sokoni, akaisoma na kwenye pombe. Kijana alikuwa amemwandikia mama yake habari za ugonjwa wa aibu. Kufika Jumamosi, hata watoto wanaocheza mchangani walikuwa wanauimba. Mauwa akaapa: "Barua ya mwanangu haitapita tena kinywani mwa mtu. Nitaisoma kwa macho yangu haya, au haitasomwa."

Hicho ndicho kilichompeleka darasani. Hakutafuta cheo, wala hakutaka kuonekana mbele za watu. Mama alitaka kusikia maneno ya mwanawe bila mtu kukaa katikati. Nani kati yenu angemlaumu?

Miezi ya kwanza hakushika kitu. Herufi zilimkimbia kama siafu waliomwagiwa majivu. Wenzake wanamtania: "Mauwa, kichwa chako ni jiwe la kusagia, kila kitu kinapita juu yake, hakuna kinachobaki!" Yeye anacheka nao, na kesho yake amekuja tena.

Siku moja alikuwa ametoka kukamua mawese. Kachelewa. Kajifuta mikono kwa jani la mgomba, kaingia mbio, kainama pale wenzake walipokizunguka kitabu. Na siku hiyo, wanangu, herufi zilisimama. "Hii! Hii naijua! Hii ni ma! Ma ya kwangu, ma ya Mauwa!" Akaibana kwa kidole, kama unavyombana kuku uliyemkimbiza mchana kutwa.

Kidole kina mawese. Doa jekundu likaingia ukurasa ule, likapenya ukurasa wa pili, likafika wa tatu.

Mwalimu hakusikia "naijua". Aliona doa.

"Mauwa! Kitabu hiki ni tambara la jikoni kwako? Toka! Kaa pale nje chini ya dirisha, mpaka nitakapokuita mwenyewe!"

Watu wakacheka. Mauwa akatoka, akakaa.

Sasa lazima niwape desturi ya watu wale, la sivyo mtaniona natia chumvi. Kwao, mtu akikukalisha mahali, ni huyohuyo atakayekuinua. Hata msibani: mwenye msiba akikuonyesha mkeka, huinuki mpaka yeye aje akushike mkono. Akikuinua mtu mwingine, amemtukana aliyekukalisha. Na kumkumbusha mkubwa neno lililotoka kinywani mwake mwenyewe, huo ndio utovu wa adabu usio na dawa. Mwalimu hakuyajua haya. Alikuwa amekaa nao miaka mitatu, amekula ugali wao, amezika nao na ameozesha nao, na hakuwahi kuuliza.

Kesho yake Mauwa aliwahi kuliko wote, mikono ameisugua kwa majivu mpaka imepauka. Akakaa chini ya dirisha. Mwalimu, akiwa ndani, akaona kilemba chake kimejitokeza kidogo tu. Akasema moyoni, "Amenuna huyo. Kwetu aliyenuna huachwa, akichoka atarudi." Siku ya pili, kilemba. Siku ya kumi, kilemba. Aliye ndani anangoja mwenzake aache kununa. Aliye nje anangoja aitwe. Katikati yao ukuta wa udongo, unene wake shibiri moja.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maneno machache, lakini hili alinirudia mara nyingi nilipokuwa mwali nyumbani kwake, maana nilikuwa na mdomo: "Mwanangu, neno la hasira ni kamba ya mbuzi. Ukimfunga asubuhi ukaenda zako shamba, yeye hawezi kufungua fundo. Atakungoja palepale. Na jua likizidi, atakufa palepale, wakati wewe unapalilia na kuimba."

Mwezi haukuisha, ikaja habari ya kumwita mwalimu arudi kwao. Siku ya kuondoka, kijiji kizima kilishuka ufukweni. Mauwa naye alishuka, akasimama mahali ambapo mtu akigeuza shingo atamwona. Mwalimu alilia, nawaambia ukweli, alilia kama mtoto. Akakumbatia huyu, akakumbatia yule, akapanda boti, akawapungia wote kwa mikono miwili. Lakini akina mama, kuwapungia watu wote si kumwita mmoja. Boti ikaenda.

Ikapita miaka ishirini na miwili.

Mwalimu akastaafu. Mkewe akafariki, watoto wakaenda makwao, nyumba ikawa kubwa kwa mtu mmoja na redio. Akaanza kuwakumbuka watu wa ng'ambo. Akasema, "Acha niende nikaone nilichokipanda, kabla miguu haijakataa." Akanunua chaki, akanunua madaftari, akafunga na sukari, akavuka.

Mapokezi yake! Vigelegele vilianza boti ikiwa bado mbali. Mzee mmoja, ambaye zamani alikuwa kiranja wa darasa, aliingia majini na suruali yake nzuri akamshika mabega. "Papa mwalimu! Ni weye kweli? Uliondoka hapa mwembamba kama ufito, umerudi kama gunia la mihogo!"

"Na wewe nilikuacha na meno," mwalimu akamjibu. "Umeyapeleka wapi?"

"Nilikopesha wajukuu, hawajarudisha!"

Wakacheka mpaka wakashikana wasianguke. Wakamwonyesha mazao yake: huyu anasoma masomo kanisani, yule ni mkunga na cheti anacho, na huyu ndiye anayeandika majina ya watoto wanaozaliwa. Mwalimu anafuta macho, anasema aksanti, aksanti. Furaha ikampanda mpaka akauliza swali ambalo mtu huuliza akiwa na hakika ya jibu: "Jamani, kuna lolote nililoliacha nusu?"

Kiranja akatazama vidole vyake vya miguu.

"Papa mwalimu, kwa kuwa umeuliza mwenyewe, si sisi tuliokukumbusha. Yuko Mauwa."

"Mauwa yupi?"

Mmesikia? Yupi! Mtu amekaa na neno lako miaka ishirini na miwili, nawe unauliza ni yupi.

"Yule wa mawese," kiranja akasema. "Uliyemkalisha nje. Bado hujamwita."

Mwalimu akadhani ni utani mwingine kama ule wa gunia. Akatazama nyuso. Hakuna aliyecheka. "Unaniambia bado anakuja?"

"Tulibaki tukifundishana wenyewe. Darasa likifunguliwa, anakuja. Anakaa palepale. Kitabu chote amekishika kwa sikio, hata sisi tukikosea ndani anatusahihisha kutoka nje. Ila ubao hajauona. Ukikaa pale chini, ubao hauonekani."

"Na ninyi nyote, hakuna hata mmoja aliyemwambia ingia?"

"Papa," kiranja akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeombwa kitu ambacho hakijawahi kuwa chake, "mimi ni nani nimwinue uliyemkalisha wewe?"

Mwalimu alitaka aende kwake, akampigie magoti mlangoni. Kumbe Mauwa alikwisha kutangulia. Alisikia vigelegele, akajua ni nani amekuja, akaenda darasani kukaa mahali pake. Basi mwalimu akaingia darasani, na kijiji kikajaa nyuma yake. Akaenda mpaka dirishani, akaona kilemba. Akaita.

"Mauwa. Mama Mauwa, ingia."

"Abee, mwalimu."

Akaja. Alitembea polepole, kiganja kimoja kinapapasa ukuta, mpaka akaufikia mlango, mpaka akalifikia benchi la mbele. Akaketi, akaweka mikono juu ya magoti. Mikono misafi kabisa. Mwalimu akashika chaki, akaandika herufi moja, kubwa kama sahani, akasogea pembeni ili asimzibe.

"Soma, mama."

Mauwa akangoja. Akageuza kichwa kidogo, sikio likawa upande wa ubao.

"Umekwisha kuandika, mwalimu?"

Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Masika ya mwaka juzi jicho moja, masika yaliyofuata la pili. Kijiji chote kilijua, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia mgeni.

Chaki ilianguka, hakuna aliyeiokota. Mauwa ndiye aliyesema, na alisema kwa upole, kama mtu anayemwondolea mwenzake aibu. "Si kitu. Basi nisomee wewe. Wewe nakuamini, siri za watu hukuzitembeza." Akafungua pindo la kitenge chake, akatoa bahasha, haijafunguliwa. "Zilikuja tatu baada ya ile ya jirani. Nilizitunza nizisome mwenyewe. Hii ndiyo ya mwisho. Baada ya hii hakuandika tena."

Mwalimu akaomba watu watoke, wakatoka. Akafungua. Tarehe yake ilikuwa ya miaka kumi na saba nyuma. Akasoma kimya, na Mauwa akasikia kwamba amesoma kimya.

"Kwa sauti, mwalimu. Nimengoja sana."

Akasoma: "Mama, hii ni barua ya nne. Hujanijibu hata moja. Nimeelewa kwamba umenikasirikia kwa zile habari za ugonjwa wangu. Sitakusumbua tena. Mimi mwanao."

Mauwa akauliza, na hakumuuliza mwalimu, sijui alimuuliza nani: "Nimkasirikie? Mwanangu mimi?"

Basi, wapendwa. Mfano wangu umeisha, sina cha kuuongeza. Wa kuongeza ni sisi.

Maana sisi hapa tumewakalisha watu. Usimtazame jirani yako, tazama mikono yako. Yupo mama hapa alimwambia mkwewe, "Usikanyage kwangu mpaka nikuite." Akamwambia siku ya sherehe, kwa ajili ya sufuria ya wali iliyoungua, na wali wenyewe ulikwisha kuliwa. Yupo baba alimwambia mwanawe, "Nitakapokuhitaji nitakutafuta." Tulisema, tukapoa, tukasahau. Hasira yetu ilikaa siku moja. Neno letu limekaa miaka. Na tukimwona mtu yule anapita kwa mbali, tunasema nini? "Amenuna. Kama ana shida na mimi, si anajua kwangu?" Anajua kwako! Anajua mpaka mlango unavyolia. Anachongoja ni sauti yako, na sauti yako hakuna mtu mwingine anayeweza kuitoa, hata mchungaji, hata mimi bibi yenu nikisimama hapa mpaka miguu ivimbe.

Najua mtakaloniambia. "Bibi, mbona mwalimu alirudi, akamwita, akalia?" Ndiyo. Nami naamini Mungu alimsamehe. Mauwa naye alimsamehe, tena kabla hajaombwa. Ninyi wenyewe mmemsikia. Lakini wanangu, msamaha haukumrudishia macho. Haukumtoa yule kijana huko alikokwenda kujificha mbali na mama aliyedhani hamtaki. Kusamehewa ni neema, unaipata hata ukichelewa. Herufi ile ubaoni haikungoja.

Nilikuwa niwape wimbo wa kufunga. Siwapi. Milango ile miwili ya kanisa iko wazi, na jua bado lipo. Mwenye mtu wake aliyemkalisha, atoke sasa hivi, asinisubiri mimi nikunje kitambaa changu. Aende amwite kwa jina, na kwa mdomo, kama alivyomtoa kwa mdomo.

Amina tutaisema mkirudi nao.