Goli Lililobaki Limesimama

Hapo zamani, kabla bustani ya mji haijawekewa taa, palikuwa na uwanja mmoja na goli moja la chuma lisilochimbiwa chini. Uwanja ulikuwa wa mpira, ulikuwa wa netiboli, na siku za harusi ulikuwa wa kutandaziwa turubai, kwa hiyo goli lilihamishwa huku na huko. Nyuma liliwekewa viroba vya mchanga lisianguke. Na desturi ilikuwa moja, hata watoto waliijua: wa mwisho kuondoka hulilaza goli kifudifudi. Goli lililolala halimdhuru mtu.

Jumamosi moja timu ya Chande ilimaliza mazoezi. Chande ndiye aliyekuwa mwalimu wao. Akina mama wa netiboli walikuwa wamekwisha kufika, basi akawaachia uwanja. Wa mwisho si yeye. Goli likabaki limesimama.

Tunu, nahodha wa netiboli, akalisogeza na wenzake hadi kando ya bembea. Lilikuwa zito, kwa hiyo walitoa viroba kwanza, wakavitupa kwenye nyasi. Walicheza mpaka mvua ikawakuta, kila mmoja akakimbilia mtoto wake na nguo zake. Tunu akamwambia Makame, mlinzi wa bustani, alilaze goli. Makame akaitikia. Wa mwisho si Tunu. Goli likabaki limesimama.

Makame alikuwa mtu mmoja, na goli lile lilitaka watu wanne. Alitoka hadi barabarani kuomba msaada, lakini hakuna aliyekubali kusimama kwenye mvua. Akalizungushia kamba, kuonyesha kuwa haliguswi, akafunga geti. Asubuhi watoto wakaanza kuruka uzio wenye ncha za chuma. Akaona heri awafungulie kuliko wachomwe.

Chande akapita njia akienda sokoni, akawaona wananing'inia golini. Akawakemea, wakashuka, akaenda zake. Hakujua kwamba viroba vimetolewa. Alipopotea machoni, wakapanda tena.

Goli likamwangukia Mosi, binti wa darasa la pili.

Hakufa. Nyonga ilivunjika, na daktari akasema atatembea, lakini si mwaka huu. Shule yao iko juu ya kilima na njia yake ni ngazi za mawe. Kiti cha magurudumu hakipandi. Mama yake, Siwema, hukaanga mihogo penye geti la bustani tangu alfajiri, na mihogo hiyo ndiyo inayowalisha. Mosi akakaa nyumbani muhula mzima. Akaanza kusahau kusoma.

Siwema hakwenda polisi. Aliwaita wale watatu kwenye mabenchi ya uwanja, mbele ya majirani.

"Pole zenu nimezipokea, zinatosha," akasema. "Nataka mgongo mmoja wa kumpandisha mwanangu shule kila asubuhi. Semeni ni wa nani."

Tunu akasema goli ni la timu ya Chande, na Chande aliona watoto juu yake, akapiga kelele na kwenda kununua nyanya.

"Nani aliyetoa viroba, dada Tunu?" Chande akajibu. "Goli nililokuachia lilikuwa na uzito wake. Ulilivua, hukulivisha."

Makame hakukana kwamba aliitikia, wala kwamba alifungua geti. "Lakini mlijua niko peke yangu," akasema. "Mkaniachia kazi ya watu wanne, mkakimbia mvua."

"Ulisema ndiyo, kaka Makame," Tunu akasema. "Ungesema hapana, tungerudi."

"Mngerudi? Ninyi?"

Majirani wakashauri wabebe kwa zamu, leo huyu, kesho yule. Siwema akatikisa kichwa.

"Goli nalo lilikuwa la kupokezana," akasema.

Hapo Chande akanung'unika kwamba Siwema mwenyewe alikuwa getini na karai lake, na kutoka pale bembea zinaonekana. Watu wakamgeukia Siwema.

"Nilimwona," Siwema akasema. "Nilikuwa nageuza mihogo. Nikasema nikiiopoa hii nitamwita. Ndiyo maana wa kumshusha mchana ni mimi, na sijamwomba mtu. Natafuta wa kumpandisha."

Mosi alikuwa papo hapo kwenye mkeka, mkoba umefungwa mgongoni, anawatazama mmoja mmoja.

Basi ninyi mnaosikiliza, msiniambie ni wote. Hata majirani wale walisema ni wote, kisha wakaenda kupika. Shule inafunguliwa kesho, na mtoto hawezi kupanda migongo mitatu kwa mara moja. Aliyeliona akaenda zake, aliyelivua akalisahau, au aliyeitikia neno asiloliweza: je, ni nani anayepaswa kuinama, Mosi apande?