Chungu cha Kinyongo

Hamjambo wenyewe? Basi tulieni, na anayetafuna muwa aache kwanza.

Palikuwa na Mwanakombo na mumewe, Shomvi. Siku moja Shomvi aliucheka wali wa mkewe mbele ya ndugu zake: "Huu tungezibia ukuta." Mwanakombo akaenda kwa zimwi. "Nataka alipe."

Zimwi likampa chungu. "Kosa lake usimwambie yeye, kinong'oneze chungu. Mara ya tatu kitammeza, mifupa unipe mimi."

Akanong'ona. Shomvi akamuuliza, "Una nini, mke wangu?" "Sina kitu." Chungu kikavimba.

Akanong'ona tena. "Una nini?" "Sina kitu." Chungu kikajaa jiko zima.

Mara ya tatu kikamdaka Shomvi mpaka kiunoni, naye bado anauliza, "Una nini, mke wangu?"

Mwanakombo akashindwa kunyamaza. "Ulinicheka mbele ya ndugu zako."

"Nilikosa. Kesho nawaita wale wale, niseme mbele yao."

Chungu kikamtema. Lakini njaa kilikuwa nayo bado, na zimwi lilikuwa dirishani na bakuli, likingoja mifupa. Kikalimeza, na bakuli lake.

Mie naondoka. Mume wangu nimemwacha amenuna. Nikishasema naye, nitarudi.