Tochi Yenye Pengo

Yalianza Jumamosi, tarehe kumi na mbili Machi, saa tisa na robo alasiri. Mtu mmoja alikuwa na tochi ya shaba aliyoikereza kwa mkono wake mwenyewe, akaileta mbele ya wenzake.

Mtu huyo aliitwa Righa, fundi wa kukereza vyuma katika mji mmoja wa milimani ambako ukungu huingia hadi jikoni. Wenzake walikuwa watu wapatao arobaini wanaopenda tochi. Usiulize kwa nini mtu mwenye umeme nyumbani apende tochi. Wapo wanaopenda njiwa, na wapo wanaofuga jogoo wasiyemla. Hawa walipenda mwanga unaotoka mkononi. Walikutana kila mwezi katika ghala kuukuu la kahawa, wakafunga madirisha mchana kweupe, wakamulika ukuta uliopakwa chokaa. Kwao ilikuwa desturi kwamba tochi mpya haiwashwi kabla hajatajwa aliyeitengeneza. Mwenye kuileta husimama mbele, wote humwuliza kwa sauti moja, "Ya nani?" Akishajibu, ndipo huiwasha. Mwanga usio na jina hawakuutazama.

"Ya nani?" waliuliza siku ile.

"Ya mkono huu," alisema Righa, akaiwasha.

Mduara ulitua ukutani, mkali katikati, laini pembeni, bila doa. Wa kwanza kusema ni Mcharo, muuza dawa za mifugo ambaye hakuweza kukaa kimya hata msibani: "Fundi, umetengeneza tochi au umeuiba mwezi?" Wakacheka, lakini tayari kila mmoja alikuwa anaitaka.

Ikapita mkono kwa mkono. Ukingo wake wa mbele ulichongwa meno, ili ukiisimamisha kifudifudi mezani mwanga uchungulie kati ya meno hayo, ujue hujaizima. Pengo moja lilikuwa pana kidogo kuliko mengine. Aliyeliona ni Wakesho peke yake.

Wakesho alikuwa binti aliyemaliza chuo kikuu miaka michache nyuma, mwepesi wa wasiwasi, mwenye kupima mara mbili kitu ambacho wengine hukikadiria kwa jicho. Kwa sababu hiyo kikundi kilimpa kazi ya kuagiza. Aliyetaka tochi alimwambia yeye. Yeye akakusanya maombi, akamtafuta mtengenezaji, akaleta mzigo. Hakuna mzigo wake uliowahi kufika na kasoro, na sifa hiyo ndiyo aliyoilinda kama mtu alindavyo macho yake.

Righa alisema atawatengenezea wote, mmoja baada ya mwingine, na asiye na subira akanunue mshumaa. Alikuwa mtu wa maneno makavu, mwenye majivuno ya kazi yake, na ahadi yake ya siku haikutimia siku hiyo hata mara moja. Kisha akamwachia Wakesho tochi ile, akatafute mji wa bondeni vioo vitakavyoenea mdomoni mwa tochi hiyo.

"Ishike wewe," alimwambia. "Hawa wengine wataichezea."

Wiki zikapita. Righa alitoa tochi moja, akaitazama, akaivunja tena kwa sababu haikumridhisha. Wenzake wakaanza kuchoka. Mama Saru, mwenye hoteli pale stendi, akimwona Wakesho anapita alimwuliza kwa nyusi tu. Mcharo alimwandikia kwenye simu kila asubuhi neno moja: "Lini?" Neno hilo likawa linamwamsha kabla ya jogoo. Hakuogopa kukosa tochi. Aliogopa kuwa mtu aliyeaminiwa akashindwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba aliposhuka mji wa bondeni kutafuta vioo, aliingia katika karakana moja kubwa. Alijiambia anauliza tu. Mwenye karakana aliipokea tochi kwa vidole viwili, akaizungusha, akaibana kwenye kipimo, akasema kazi yenyewe ni ndogo, atawatolea zote kabla ya mwezi kuandama.

"Ni ya mtu," Wakesho alisema.

"Kwani umbo likitazamwa hupungua?"

Wakesho alikuwa na jibu la swali hilo. Lakini mfukoni simu ilikuwa inatetemeka. Akaiacha tochi pale mpaka kesho yake, akaagiza za kikundi kizima.

Mzigo ulifika siku ambayo Righa alikuwa amekwenda kumzika shemeji yake. Wakesho alisimama mbele ya ukuta akiwa na tochi mojawapo mkononi. Njiani alikuwa ametunga sentensi nzima, yenye jina la Righa na jina la karakana, kila moja mahali pake.

"Ya nani?" waliuliza, na mikono ilikuwa imeshanyooshwa, na nyuso zote zilikuwa zinacheka.

"Ni yetu," alisema Wakesho.

Wakapiga makofi. Na kweli ilikuwa yao, kwa kuwa wao ndio walioiagiza. Alipofika nyumbani aliikagua moja, akaona meno yote yamo, na pengo moja pana kuliko mengine. Mashine ya karakana ilikuwa imefuata kila kitu ilichoonyeshwa. Wakesho aliirudisha ndani ya boksi lake, akalifunga.

Kabla ya mvua kwisha, tochi hiyohiyo ikajaa katika masoko ya bondeni, na jina la karakana limechorwa ubavuni. Hapo ghala likawaka bila tochi.

"Wametuibia umbo letu," alisema Mwadime, dereva wa trekta. Aliposema "letu" hakuna aliyekohoa.

Wengine walisema karakana haina kosa: tochi zote ni bomba lenye betri, na mwanga hauna hatimiliki. Mama Saru akasema chapati zake zimeigwa na mtaa mzima naye hajalia.

"Hujalia kwa sababu walioiga walizipatia chumvi," alisema Mcharo.

"Na wewe ulikuja kula kwangu ukiwa na deni, hata chumvi hukuisikia."

Walicheka, lakini hawakupatana. Mwisho waliligawa ghala lenyewe. Waliotetea karakana walikaa upande wa mlango, waliotetea "umbo letu" walikaa upande wa ukuta, na mtu akihama upande alizomewa kama aliyehama chama. Walimtaja mwenye karakana, wakajitaja wao, wakabishana nani ameibiwa na nani amelipwa haki yake. Jina la Righa halikutamkwa upande wowote, kana kwamba neno "yetu" lilikuwa limelifuta. Wakesho aliketi katikati, akiwagawia zamu ya kusema, akihakikisha hakuna aliyemzidi mwenziwe dakika.

Righa alikuwa amesikia habari za mzigo. Hakuja kugomba, wala hakutuma mtu. Watu wakadhani ameridhika, maana hakuna jambo rahisi kama kudhani kwamba aliyenyamaza ameridhika. Kumbe alikuwa kwenye mashine yake. Na mkutano uliofuata aliingia, akapita katikati ya pande zile mbili, akasimama mbele ya ukuta na tochi mpya mkononi.

"Ya nani?"

"Ya mkono huu."

Mcharo alikuwa karibu, akainyooshea shingo. Meno ya tochi ile yalilingana yote, na mapengo yote yalikuwa sawa. Mcharo akainua yake juu ili kila mtu aione.

"Basi mkono huo umeiga vibaya, Fundi. Yetu ina pengo."

Kicheko kikatoka upande wa mlango na upande wa ukuta kwa pamoja. Kilikuwa kicheko cha watu waliogombana muda mrefu na sasa wamepata jambo la kukubaliana. Mmoja akasema, ukiamua kuiga, iga yote. Mwingine akamwambia aende kwanza akaitazame tochi halisi.

"Pengo lile lilikuwa kosa," alisema Righa. "Kisu cha mashine kiliteleza. Hii ndiyo niliyoikusudia tangu mwanzo."

"Kila mwigaji yake ndiyo iliyokusudiwa," alijibiwa.

Ndipo Mwadime akageuka. "Dada Wakesho, wewe ndiye mwenye vipimo. Tutoe katika ubishi. Tochi ya kwanza kabisa ilikuwa na pengo, au haikuwa nalo?"

Wakesho alisimama. Aliyaona yote mawili kwa mara moja, kama mtu aliye juu ya paa anavyoziona njia mbili. Akieleza kila kitu, kila mmoja atajua tochi aliyoishika imetoka wapi na imepitia mkono wa nani, watamwuliza kwa nini alisema "ni yetu", na ile sifa yake itaanguka mbele ya macho yake. Asipoeleza, Righa atatembea katika mji wake mwenyewe kama mtu aliyeiga tochi, tena akaiiga vibaya. Lakini swali halikumtaka aeleze kila kitu. Swali lilikuwa dogo, na lilihusu pengo tu.

"Lilikuwepo," alisema. "Tangu ile ya kwanza. Lilizidi mengine kwa unene wa ukucha."

Neno lile lilikuwa kweli tupu. Watu wakapiga kelele za ushindi, na mtu akampigapiga Wakesho begani.

Righa alimtazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu aliyeegemea ukuta wa nyumba yake akausikia unasogea.

"Umepima sawasawa, Wakesho," alisema.

Akaifunga tochi yake katika kitambaa bila kuiwasha, akatoka. Mlango aliuacha wazi, na mwanga wa mchana ukaingia ukafuta miduara yote ya tochi zao iliyokuwa ukutani.

Jioni ile Wakesho aliyarudia maneno yake moja moja, akitafuta moja lililo la uongo, ili alitubie. Alitafuta kama mtu atafutavyo sindano kwenye mkeka, hakuliona. Na hilo ndilo lililomtisha.

Asubuhi yake hakwenda kwa Righa. Alitamani sana kwenda, apige magoti, alie, asamehewe, yaishe. Lakini alijua kwamba msamaha wa Righa ungemponya yeye, na Righa angebaki vilevile barabarani na jina la mwigaji. Basi akaenda dukani kwa Mcharo, akamkuta anafungua milango, madebe ya dawa ya kupe bado yako nje.

"Tochi uliyonayo ni ya Righa," alimwambia. "Niliipeleka karakana bila kumwuliza. Pengo ni kisu chake kilichoteleza. Yeye alilirekebisha, sisi tukamcheka."

"Jana si ulisema pengo lilikuwepo?"

"Lilikuwepo. Nilisema kweli ili mdanganyike."

Mcharo alishika debe, akaliweka, akalishika tena.

"Nami niliyekuandikia kila siku?" aliuliza mwishowe.

Wakesho hakumjibu hilo, kwa sababu halikuwa lake kulijibu. Akaenda kwa Mama Saru, akayasema maneno yaleyale mbele ya watu waliokuwa wanakunywa chai, na Mama Saru akamwambia asikanyage tena pale mpaka atakapoitwa. Akaenda kwa Mwadime, akamkuta chini ya trekta. Mwadime alimsikiliza bila kutoka, akaona miguu yake tu. Ukungu ulipopanda, alikuwa amebisha hodi nyumba chache, na mji mzima ulikuwa bado mbele yake.

Basi ninyi mliosikia, niambieni: kati ya mwenye karakana aliyeiga, wanakikundi waliocheka, na binti aliyejibu kweli tupu, ni nani aliyemwibia Righa zaidi?