Chai ya Saa Nne

Bwana Mbaruku, mwenye karakana ya kushona sare, alifuta chai ya saa nne. "Inawalegeza mafundi," alimwambia msimamizi wao, Sikudhani. "Atakayeinuka, mfukuze."

"Sawa, bosi. Lakini mimi wameshanizoea. Kesho wasimamie mwenyewe. Nitakuwekea kiti dirishani, penye upepo."

Kesho yake bosi alikaa pale tangu asubuhi, amenuna. Ilipokaribia saa nne alianza kumeza mate. Hatimaye alimwita Sikudhani, akamnong'oneza, "Niletee chai na maandazi."

"Ule peke yako, bosi, na wote wanakutazama?"

"Ah, basi waite wote!"

Mafundi waliinuka wakicheka. Sikudhani akachungulia nje ya dirisha, akamwambia muuza maandazi, "Asante, shoga. Sasa rudisha jiko lako kule barabarani."