Banda la Bluu la Atilia

Banda husifiwa na aliyelala ndani. Mmeisikia leo kwa shangazi yenu, mkacheka, mkauliza ni banda gani hilo. Sogeeni basi, wajukuu zangu, na mwenye mahindi ya kupukuchua asiache mikono ilale. Methali hii ilianza hivi.

Kule juu milimani, ambako msimu wa baridi nyasi huamka nyeupe kwa sakitu, kila jiko lilikuwa na simbilisi. Ni vinyama vya manyoya laini, vinene, havina mkia, na vikinusa majani mabichi hulia wii, wii! Havikufungiwa. Vilizunguka miguuni mwa mpishi, na maganda ya viazi yalikuwa haki yao.

Bi Sekela alikuwa mjane mwenye wana wawili wa kiume, na uzee ulikuwa umemfika magotini. Kuni zilimshinda, akasema atahamia kwa mmoja wa wakaza wana wake. Hakusema yupi.

Atilia, mke wa mwana mkubwa, aliona jambo hilo halina mjadala. Mama akae kwa mdogo, watu waseme nini? Chumba alishakitenga. Kitanda akakiweka chini ya dirisha linalotazama barabara, ili kila apitaye aone mzee yuko kwa nani.

Ikatokea nguchiro akaingia jikoni kwa Tumpe, mke wa mwana mdogo, akala simbilisi karibu wote. Tumpe akafuta machozi, akajenga banda. Alisuka kuta za mianzi, akaliinua kidogo kutoka sakafuni. Chini aliweka ubao, juu ya ubao nyasi kavu. Ndani akatia kijumba cha kujifichia chenye mlango mdogo, na kipande cha mti cha kutafuna, maana meno ya simbilisi hayakomi kukua. Akaliweka kwenye kona ya jiko, mbali kidogo na moto, akafunga kwa komeo.

Majirani wakaja kulitazama kama wanaotazama mtoto mchanga. Bi Sekela naye alivuta kigoda, akakaa kando yake, akasema, "Hapa hata mtu angesinzia."

Neno hilo likamfikia Atilia akimenya viazi. Alimenya, alimenya, mpaka akamenya kidole.

Kesho yake akamwita fundi Mbwilo. "Nataka banda ambalo yule akiliona, lake atalifunika gunia."

"Sakafu ya mbao?"

"Ya waya. Mavi yaanguke chini, watu wasiyaone."

"Na kijumba cha kujifichia?"

"Fundi, wakijificha wataonekanaje?"

Banda likapakwa rangi ya bluu, likawekwa barazani kwenye upepo, uso kwa uso na njia. Wapita njia wakasimama. Mama Skola, jirani yao, akapiga makofi. "Atilia, hata mimi ningehamia humo!"

"Sema tena, mwenzangu, sikusikia," Atilia akajibu, huku akitazama ua wa Tumpe.

Bi Sekela akaja na kikapu. Ndani yake alikuwamo Kishungi, simbilisi wake jike mwenye mimba. "Huyu ndiye mtangulizi wangu," akasema. "Akae kwako kwanza."

Furaha ya Atilia haikukaa sana. Kishungi hakula. Alijibana kwenye kona isiyoficha kitu, mbwa wakipita anatetemeka, na vidole vyake vikazama katika matundu ya waya mpaka nyayo zikavimba. Atilia aliona. Roho ilimwambia amwingize jikoni, penye joto. Lakini Tumpe alikuwa akianika nguo pale uani. Angemwona, angecheka. "Aa, atazoea tu," Atilia akasema.

Siku moja, wageni wakiwa wamejaa barazani, alifungua banda aweke majani. Kishungi akaruka, akaanguka, akainuka akichechemea, akapenya ua mbele ya macho ya wote, akaingia jikoni kwa Tumpe na kutokomea ndani ya kile kijumba.

Atilia alifika akihema, wageni na Mama Skola nyuma yake.

"Dada, sikumwita," Tumpe akasema, kikapu cha majani mkononi, komeo la banda bado wazi.

Bi Sekela alikuwa pale pale kwenye kigoda chake. Atilia akapiga magoti. "Mama, banda langu kila mtu amelisifu."

"Kila mtu nani?"

"Mama Skola. Fundi. Hata hawa wageni."

"Na kati yao, nani amelala humo?"

Mama Skola akaanza kutazama kucha zake.

"Banda husifiwa na aliyelala ndani, mwanangu," mzee akasema. "Na aliyelala ndani amekujibu kwa miguu."

Atilia alirudi nyumbani, moyo unawaka. Mama ameshakwenda kwa yule, alijisemea. Akaingia katika kile chumba, akaona kitanda chini ya dirisha. Akakitazama. Kisha, mchana kweupe, akapanda akajilaza, shuka mpaka kidevuni. Upepo ukampiga sikioni kama wembe. Mtu akapita barabarani, akachungulia, "Ee, Atilia, unaumwa?"

Akainuka. Akakiburuta kitanda peke yake hadi ukuta unaopakana na jiko, akaziba dirisha nusu kwa mkeka, akasogeza kigoda mahali ambapo mzee angekanyaga akipanda kitandani. Akajilaza tena. Safari hii alipitiwa na usingizi.

Alipoamka akamwendea mama mkwe wake kule kwa Tumpe, ambako Kishungi alikuwa ameshazaa. "Mama, chumba sikisifii. Njoo ulale, kisha useme mwenyewe."

Bi Sekela akalala. Asubuhi Atilia alisimama mlangoni na uji, akimwona Tumpe kule uani akijifanya anafagia. Wivu wa mtu hauponi kama mafua, wajukuu zangu. Ulikuwa bado umemkaba.

"Mama, umelalaje?"

Mzee akapokea bakuli, akanywa taratibu, akajipangusa mdomo.

"Mwambie Tumpe aniletee Kishungi na wanawe," akasema. "Na kile kijumba chao."

Banda husifiwa na aliyelala ndani.