Matofali ya Padre Gervasi

Mvua haisomi jina la tofali. Leo asubuhi mmemsikia fundi wa zahanati akimjibu diwani hivyo alipoyakataa matofali aliyoyatoa diwani, mkacheka, sasa mnaniuliza, “Babu, maneno hayo yametoka wapi?” Yametoka shuleni kwetu Mahangula. Methali hii nilikuwepo ilipozaliwa, tena nikiwa upande wa wajinga.

Shule yetu ya wavulana ilikuwa na padre mmoja, Padre Gervasi, walimu wawili, na bweni la nyasi lililovuja mpaka kwenye mikeka. Askofu akaandika barua: pasipokuwa na bweni la matofali ifikapo Pasaka, wavulana warudishwe makwao. Kwangu mimi hiyo ilikuwa na maana ya kuchunga mbuzi wa mjomba mpaka ndevu zinitoke.

Padre akaagiza kila mmoja afyatue matofali mia, na aandike jina lake kwa kijiti kabla hayajakauka, asiwepo wa kutegea. Naye akajipangia mia yake. Nani aliwahi kuona mwalimu mkuu amekunja kanzu, anakanyaga udongo na wanafunzi? Tulimpenda sana kwa hilo. Ila alikuwa na madarasa, na wagonjwa wa kuwapelekea sakramenti vijijini. Matofali yake yakachelewa, yakapangwa pembeni mwa tanuru, mahali ambapo moto haufiki vizuri.

Mwashi wetu alikuwa Mzee Hyera, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Kutoka kila rundo alichukua matofali mawili, akayalaza kwenye pipa la maji. Yakitoka mazima, anajengea. Yakimomonyoka, rundo zima linatupwa. Alipolifikia rundo la Padre, mimi kiranja nikamwahi.

“Hayo yaache, Mzee. Ni ya Padre.”

“Umejuaje?”

“Si jina lake hilo hapo?”

“Mimi sijui kusoma, mwanangu.” Akayatumbukiza, akasubiri, akayatoa yakidondosha tope. “Na mvua haijui vilevile.”

Kumbe Padre alikuwa nyuma yetu. Nilimwonea aibu. Zilibaki siku kumi kufika Pasaka, na tanuru jipya lilitaka zaidi ya hizo.

“Haya yangekaa wapi?” akauliza.

“Kona ya mashariki, Padre. Wangelala hapo watoto kumi na wawili.”

Padre akakunja tena kanzu yake. “Basi yatupe.”

Siku ya Pasaka Askofu alikuta bweni limesimama, kona moja imezibwa kwa mikeka. Kabla hajauliza, Padre akasema, “Baba Askofu, hapo ni pangu. Matofali yangu hayakuiva. Nafyatua mengine.”

Askofu aliitazama miguu yake yenye udongo, akazunguka ukuta wote akiupapasa, kisha akasema watoto wabaki. Nililia, na sioni haya kuwaambia.

Masika ilipokolea, lile rundo lililotupwa likawa tope, jina na tofali pamoja. Kona yake Padre aliimaliza mwezi wa saba, kwa matofali yaliyopita kwenye pipa la Mzee Hyera kama ya mtu mwingine yeyote. Mwaka jana nilikwenda kuigusa. Padre amekwisha kuzikwa, Mzee Hyera pia, na jina la Padre liko pale pale ukutani, linasomeka.

Kwa hiyo diwani asimnunie fundi. Mvua haisomi jina la tofali.