Bi Ngiri na Jiko la Mlangoni kwa Mfalme

Mpo?
— Tupo!
Wote mpo?
— Wote tupo!
Aliye nyuma asogee. Nikianza kupakua sirudii.
— Pakua tule!

Hapo kale, kale sana, Bi Ngiri alikuwa akimenya viazi vya mwitu mlangoni kwake. Watoto wake wanne walikuwa wakigombania maganda: Chonge, Shungi, Mavumbi na mdogo wao Kitinda. Mumewe alikuwa hai, ila hakuwa nyumbani. Ndivyo ngiri dume walivyo.

Mara Hondohondo, tarishi wa Mfalme, akatua juu ya mti.

"Sikilizeni amri! Kuanzia leo watoto wote ni wa Zizi la Taifa. Watalishwa, watafundishwa. Wazazi wapate nafasi ya kulima barabara ya Mfalme."

"Nani kaamua?" Bi Ngiri akauliza, kiazi mkononi.

"Mmeamua nyinyi. Kwenye baraza Waziri Fisi aliuliza nani ana neno. Mlinyamaza wote. Na wewe ulikuwepo, mama."

Ni kweli alikuwepo. Alikuwa akiwaza chungu alichokiacha motoni.

Kabla viazi havijaiva, wapambe wa Fisi walifika wakawaswaga watoto. Jioni ile Bi Ngiri alitaka kupakua akakumbuka hakuna wa kumpakulia. Katika nchi ile, chakula kikiiva, mkubwa wa nyumba huita majina. Kila mmoja huitika. Asipoitika mmoja, hakuna anayekula. Bi Ngiri akakifunika chungu, akalala na njaa.

Asubuhi akaenda kwa Mfalme. Akamkuta Waziri Fisi amekaa getini, anatafuna mfupa.

"Nimekuja kuona wanangu."

"Wanasoma, mama. Ukiwaona watalia. Njoo siku nyingine."

Bi Ngiri akarudi akalima barabara.

Akaenda mara ya pili.

"Nataka kumwona Chonge, na Shungi, na Mavumbi, na Kitinda."

Fisi akacheka. "Hapa hatuna majina, mama. Tuna watoto wa taifa. Au wewe hulipendi taifa?"

"Nalipenda. Ndilo nililolizaa."

"Basi nenda kalime."

Akarudi. Njiani akapitia mtoni, akawakuta kina mama wamekaa na madumu yao. Huko maneno yalikuwa mengi.

"Barabara yenyewe inaishia kwa Fisi," alisema Bi Swala. "Na hilo zizi nani aliliomba? Tuliomba kisima. Kila mwaka tunaomba kisima."

"Mfalme haambiwi ukweli," alisema mwingine.

"Anaambiwa na nani, wakati sote tuko hapa?" Bi Ngiri akauliza. "Bi Swala, hayo uliyosema ni ya maana. Twende ukayaseme huko."

"Mie naogopa, shoga."

"Na mimi naogopa. Beba kuni."

Basi alasiri ile wakaenda mara ya tatu. Bi Ngiri mbele na chungu kichwani, Bi Swala na kuni, kina mama wengine nyuma, huyu na mwiko, huyu na chumvi. Fisi alipowaona ni wengi akaondoka getini, akaenda kusimama nyuma ya Mfalme.

Bi Ngiri akafika mlangoni kwa Mfalme Simba, akapiga magoti.

Simba akapendezwa. "Inuka, mama. Nimekusamehe."

"Sijaja kuomba msamaha, Mfalme. Ngiri akichimba hupiga magoti. Nachimba jiko."

Akachimba. Akateleka. Moto ukawaka, viazi vikatokota, harufu ikaingia hadi ndani kwa Mfalme. Chungu kilipoiva, Bi Ngiri akampa Simba mwiko.

"Uwanja ni wako. Na Hondohondo hutuambia kila siku kwamba wewe ni Baba wa Wote. Haya, baba, ita watoto tule."

Simba akaushika mwiko. Mila ile hata yeye alilelewa nayo. Akakohoa.

"Enyi watoto wa taifa!"

Kimya.

Akamgeukia Waziri. "Wanaitwa nani?"

Fisi akatazama chini.

"Basi niachie mimi," akasema Bi Ngiri, akiuchukua mwiko. "Chonge!"

"Naam, mama!"

Sauti ilitoka chini ya ardhi. Kina mama wakatazamana.

"Shungi!"

"Abee, mama!"

"Mavumbi!"

"Naam, mama!"

Sauti zilikuwa chini ya miguu ya Mfalme mwenyewe. Bi Swala naye akaita wake, na kina mama wengine wakaita, na ardhi yote ya uwanja ikawa inaitika, kutoka uani kwa Fisi hadi kwenye ghala la nyama la Mfalme. Ndipo Simba akaelewa. Watoto hawakuwa wakisoma. Fisi alikuwa akiwachimbisha shimo la kuibia nyama ile.

"Kitinda!" Bi Ngiri akaita.

Kimya.

"Kitinda!"

Kimya.

"Kitinda, mwanangu, chakula tayari!"

Bi Ngiri akauweka mwiko chini. "Hakuna kupakua."

Ngiri huingia shimoni kinyumenyume, ili pembe zake zielekee mlangoni. Siku hiyo, pale uani kwa Fisi, Bi Ngiri aliingia kwa kichwa. Akawapita watoto wa watu, akawapita wanawe watatu, akafika mahali udongo ulipoporomoka. Akapiga magoti, akachimba. Alichimba hadi akagusa kisigino, kisha mguu, kisha Kitinda mzima, midomo imejaa vumbi.

"Mbona hukuitika?"

"Niliitika, mama. Udongo ulinizidi sauti."

Akambeba kwa meno hadi nje. Watoto wengine wakafuata.

Simba alikuwa amekasirika. "Fisi kaniibia!"

"Fisi kachimba," Bi Ngiri akasema, akimfuta mwanawe uso. "Mlango ulifunguliwa na amri yako. Ifute, kwa sauti, Hondohondo asikie. Na siku nyingine ukileta sheria, usiulize nani ana neno. Ita kila nyumba kwa jina lake, ungoje ijibu. Bi Swala, sema lako."

Bi Swala alitetemeka, lakini alisema. "Tuliomba kisima."

Amri ikafutwa, na kisima kikachimbwa. Safari hii Simba alishika jembe mwenyewe. Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile walikula kwanza.

Bi Ngiri aliita upya. Chonge akaitika, Shungi akaitika, Mavumbi akaitika. Kitinda akaitika kwa sauti ya kukwaruza. Watoto wa Bi Swala wakaitika, na wa kina mama wote. Mwisho akaita, "Simba!"

Mfalme akatazama huku na huku, kisha akasema, "Naam."

Jina la Fisi hakuna aliyeliita. Ndiyo maana mpaka leo yeye huzunguka nje ya miji ya watu, akinusa vyakula vya wenzake.

Basi funzo ni hili. Anayetaka kuwaamulia watoto wako, kwanza awajue kwa majina. Na wewe mwenye neno juu ya nchi yako, usiliache mtoni. Lipeleke mlangoni kwa mwenye amri, hata kama miguu inatetemeka.

Mpo?
— Tupo!
Wote?
— Wote!
Haya, hadithi imekwisha chunguni. Naweni mikono, viazi vinapoa.